Niliiambia AI kwamba ng'ombe aliyekufa ni mmoja

Wakuu, nawasalimu kutoka upande wa Masumbwe. Wengi humu ni wadogo zangu na wanangu, kwa hiyo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Mimi ni mzee mstaafu, nimesoma mpaka kidato cha nne. Kwa kawaida humu ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu mdogo wangu ameniruhusu, na nimemwahidi nitaandika kama ilivyokuwa, hata sehemu zinazonivua nguo.

Anayetaka kunitukana asome mpaka mwisho kwanza, asije akamaliza matusi kabla ya kufika penyewe.

Nianze na simu.

Binti yangu anafanya kazi Mwanza. Mwaka jana aliniletea smartphone akaniwekea AI, hii unayoiuliza kwa Kiswahili na yenyewe inajibu. Akanifundisha kupiga picha kitu na kukiulizia.

Sitaisema vibaya. Mahindi yangu yalipoingiliwa na viwavi nilipiga picha jani, ikaniambia ni mdudu gani, nipulizie dawa saa ngapi, na nikague wapi kwenye moyo wa mmea. Shamba likapona. Karatasi zangu za presha kutoka hospitali ilinifafanulia mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kukaa akanifanyia.

Majirani wakaanza kuja. Huyu na kuku wake, yule na barua ya baraza la ardhi. Wakanibandika jina, Daktari wa Simu.

Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowaonyesha. Liandikeni pembeni kama kosa la kwanza.

Sasa, kwa wasiotujua sisi watu wa huku na ng'ombe. Kwetu idadi ya ng'ombe haitajwi kwa mdomo. Mgeni akikuuliza unao wangapi unamjibu "wapo wapo". Ukitaja, ama unajisifu ama unawaitia kifo. Akiuliza mtu wa serikali ndiyo kabisa, unapunguza. Marehemu baba alikuwa na zizi limefurika, na mpaka anakufa alikuwa akisema "tuna vijing'ombe viwili vitatu vya maziwa".

Bwana mifugo wetu amezaliwa huku huku. Ukimwambia amekufa mmoja, anaandika watatu bila kukuuliza tena.

Kichekesho ni kwamba nilikuwa karani bandari kavu ya Isaka miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu makontena ya mizigo inayokwenda nchi jirani za upande wa magharibi, na sikukubali kukosea hata moja. Nikirudi nyumbani, ng'ombe wangu mwenyewe siwahesabu kwa sauti.

Turudi kwenye kisa.

Mdogo wangu anaitwa Lukas. Tangu baba afariki tunatumia zizi moja. Mwanawe, Kulwa, alikuwa anaoa binti wa familia moja ya Kikatoliki kule Ushirombo, watu wazuri lakini wenye msimamo. Ng'ombe wa mahari walitakiwa kupelekwa Jumamosi. Mshenga alishapanga kila kitu.

Jumatatu ya wiki ile dume letu lilianguka malishoni, likafa. Tukasema nyoka.

Jumatano mtamba mmoja akafa. Asubuhi alikuwa anakula vizuri. Tukasema majani yenye sumu. Hao wawili walifia mbali porini, tukawaachia mbwa na fisi.

Alhamisi asubuhi Lukas akaja mlangoni kwangu.

"Kaka, njoo. Yule mweupe mkubwa amelala."

Nikamfuata zizini. Tumbo limejaa kama ngoma, miguu imenyooka. Puani damu nyeusi, nyepesi, ambayo haikuwa imeganda.

Niwe mkweli hapa. Neno kimeta lilinijia palepale. Nimelisikia redioni mara nyingi, na Isaka niliwahi kuona lori la ngozi limezuiwa kwa ajili yake. Lilinijia, nikalifukuza.

Maana ukitaja kimeta umemwita bwana mifugo, naye akija anakuja na karantini. Karantini ikiwekwa hakuna ng'ombe anayetoka kijijini, na mahari ya Jumamosi hapo imekwisha. Wakwe tungewaambia nini?

Lukas alikuwa ananiangalia. "Tuulize hiyo simu yako," akasema. "Ikisema hana neno, nachuna. Kesho ndugu wanakuja kwenye kikao cha mwisho, watakula nini?"

Nikatoa simu. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona.

Niling'oa nyasi, nikamfuta yule ng'ombe damu puani. Nyasi nikazitupa nyuma ya mguu wangu. Kisha nikazunguka upande wa pili, nikapiga picha ya tumbo.

Nikaandika: "Ng'ombe wangu mmoja amekufa leo. Tumbo limejaa. Jana alikula majani mabichi mengi. Ni ugonjwa gani? Nyama yake inafaa?"

Haikukurupuka kujibu. Iliniuliza kwanza maswali mawili. Je, kuna mnyama mwingine aliyekufa ghafla siku za karibuni? Je, kuna damu iliyotoka puani, mdomoni au nyuma?

Kidole changu kikasimama.

Lukas yuko begani kwangu. Yeye shule aliishia darasa la nne, maandishi ya simu yanamsumbua. "Inasemaje?"

"Inauliza kama wamekufa wengine."

"Eh! Inauliza ili ikamwambie nani?"

Na mimi ndilo lilikuwa wazo langu. Kitu kimekaa ndani ya simu, kinajua jina langu, huenda kinajua na nilipo, halafu kinaniuliza idadi ya ng'ombe waliokufa kwangu. Nikakiona kama mtu wa ofisini aliyekuja na daftari.

Nikakijibu kama baba angemjibu huyo mtu. Hapana, ni huyu mmoja tu. Damu hakuna.

Ikasema kwa maelezo hayo inaelekea zaidi ni tumbo kujaa gesi kutokana na majani mabichi. Chini yake ikaongeza kwamba haiwezi kuwa na uhakika kwa picha, na kwamba mnyama aliyejifia asipasuliwe wala asiliwe kabla ya kuonwa na mtaalamu wa mifugo.

Ile sehemu ya chini sikumsomea Lukas.

"Ni gesi," nikamwambia. "Majani mabichi."

"Wabeja, kaka," akasema. Hiyo ndiyo asante yetu. Akaenda kuchukua kisu.

Jirani yetu Mzee Ramadhani alipita wakati Lukas anachuna. Yeye ni Mwislamu, kibudu hali. Lukas akaanza utani.

"Mzee Ramadhani, leo pitia mboga! Simu imeshathibitisha."

"Simu ndiyo imechinja?"

"Haikuchinja. Imepima."

"Basi ipikieni hiyo simu," akajibu, akaenda zake.

Tulicheka sana. Lukas alicheka huku anajikuna shingoni palipoumwa na mbu, kwa mkono ule ule wa kisu.

Nyama ilichemshwa mpaka ikalainika, ikaliwa Ijumaa. Nilikula na mimi. Jumamosi ng'ombe wa mahari wakafika Ushirombo, wakapokelewa kwa vigelegele.

Jumapili Lukas akawa na kipele shingoni. Tukasema ni yule mbu.

Jumatatu kipele kikawa kidonda, katikati cheusi kama mkaa, na pembeni pamevimba.

"Ajabu yake hakiumi," akaniambia. "Hata ukikibonyeza. Jaribu."

Sikujaribu. Huko kutouma ndiko kulikonitisha. Nikakumbuka zile nyasi na mkono ulioshika. Kuanzia hapo nikawa nakagua vidole vyangu kila baada ya muda mfupi, kimoja kimoja, mbele na nyuma. Nikimwamkia mtu nakagua. Nikinawa nakagua.

Mkewe, tunamwita Mama Kulwa, akampeleka zahanati. Walieleza kwamba ameumwa na mdudu. Wakapewa dawa ya jipu.

Jioni akanijia. "Shemeji, wewe na simu yako mnaonaje?"

"Tusubiri dawa ifanye kazi," nikamwambia.

Hapo ndipo pa kunitukana, wakuu. Nilikuwa nimeshajua. Lakini nilikuwa napima. Nikisema, ng'ombe walioko Ushirombo watazuiwa. Wakwe watajua tumewapelekea mifugo kutoka zizi lenye vifo. Harusi inavunjika, na Kulwa anamjua aliyeivunja. Hayo nikayaweka upande mmoja, shingo ya mdogo wangu nikaiweka upande wa pili, na usiku mzima ukapita bado napima.

Jumanne asubuhi shingo ilikuwa imeungana na taya. Jicho moja limefumba. Anapumua kwa mlio.

Tukampakia bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma nimemkumbatia, Mama Kulwa akifuata kwa pikipiki nyingine. Mgongo wake ulikuwa kwenye kifua changu. Kila alipovuta pumzi niliisikia inakwama. Nikawa na mimi nabana yangu mpaka ya kwake ipite.

Kituo cha afya Masumbwe wakamwingiza ndani. Mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi.

Nikatoa simu. Mazungumzo ya Alhamisi yalikuwa bado yapo. Chini yake nikaandika:

"Nilikudanganya. Wamekufa watatu ndani ya siku nne. Huyu wa mwisho alitoka damu nyeusi puani, haikuganda, niliifuta mimi. Mdogo wangu alimchuna mikono mitupu. Sasa ana kidonda cheusi shingoni kisichouma, amevimba, anapumua kwa shida."

Haikunisuta. Natamani ingenisuta.

Ilijibu hapo hapo. Kwamba dalili hizi ni za kutilia shaka kimeta, ni dharura, mwambie mhudumu wa afya sasa hivi kwamba mgonjwa aligusa mzoga. Kwamba waliogusa na waliokula watafutwe, na watu wa mifugo wajulishwe.

Nilisoma "sasa hivi" mara mbili, bado nimekaa kwenye benchi.

Tabibu akatoka, dada wa umri wa binti yangu.

"Ndugu wa Lukas ni nani? Shikamoo, mzee. Mgonjwa hawezi kuongea vizuri. Mkewe anasema ni mdudu. Kuna kingine?"

Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yake, ananiangalia.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtakaodhani natia chumvi, sawa. Lakini mtu aliyelelewa tangu utotoni kwamba idadi haitoki nje ya boma, siku anapotakiwa kuitoa, ulimi hautii. Nikampa simu asome.

Alisoma amesimama. Uso ukabadilika. Akarudi ndani mbio, nikamsikia anamtajia muuguzi dawa za sindano. Baadaye akatoka tena na daftari, simu yangu bado iko mkononi mwake.

"Mzee, haya nimeyasoma kwenye simu. Mimi ripoti yangu inatakiwa itoke kwako. Wamekufa wangapi?"

"Si umesoma, mwanangu?"

"Nimesoma. Nataka kusikia. Wangapi?"

"Watatu."

"Toa sauti, mzee wangu, sijakusikia."

"Watatu! Dume, mtamba, na yule mkubwa mweupe. Na kuna wengine tuliwapeleka Ushirombo Jumamosi. Zizi ni hilo hilo."

Mama Kulwa akakaa chini, palepale sakafuni. Hakulia wala hakunitukana.

"Shemeji," akasema, "kumbe wewe ulikuwa unajua?"

Nikaangalia vidole vyangu. Akanielewa.

Lukas alihamishiwa hospitali kubwa siku ile ile kwa gari la wagonjwa. Siku mbili za kwanza hakuna aliyethubutu kutuambia kwamba atapona. Daktari alituita akatuandaa kwamba uvimbe ukiendelea kuziba njia ya hewa itabidi watoboe koo. Mama Kulwa akatia saini karatasi. Mimi nilikaa kwenye korido nikiangalia mlango na vidole vyangu, mlango na vidole.

Vidole vyangu havikupata kitu. Mpaka leo sijui kwa nini.

Siku ya tatu uvimbe ukaanza kushuka.

Yuko hai, wakuu. Ana kovu shingoni linalomvuta kichwa kidogo upande wa kushoto, na sauti yake imekuwa ya kukwaruza.

Kijijini tuliogusa na tuliokula tulipewa vidonge wote. Wachache waliumwa tumbo, wakapona. Mabaki ya mizoga yakachomwa na kufukiwa kwa chokaa. Karantini ikawekwa, ng'ombe wakachanjwa, na watu ambao walikuwa na shida zao za kupeleka mifugo mnadani wakakwama kwa sababu yangu. Baadhi bado hawaniamkii.

Ushirombo ng'ombe wetu walitengwa wakachanjwa, hakufa hata mmoja. Baba wa binti akamtuma mshenga kwamba ndoa itafungwa, ila mimi nisionekane kanisani. Sikuonekana. Siku ya harusi nilishinda malishoni.

Kilichonichoma zaidi ni maneno ya bwana mifugo. Nilitegemea anifokee. Alichovya viatu vyake kwenye ndoo ya dawa, akaniambia taratibu, "Mzee, hata ungenipigia ukaniambia mmoja, ningekuja. Ningejua."

Nimeyafikiria sana maneno hayo.

Humu huwa nasoma mabishano. Huyu anasema AI ni mkombozi wa mkulima, yule anasema ni mtego wa shetani. Mimi naona tatizo langu lilikuwa kwamba iliniamini. Bwana mifugo angeniangalia usoni, angeona nyasi zenye damu nyuma ya mguu wangu, angejua natoka boma la nani. Mashine ilichukua neno langu kama lilivyo, ikalijengea jibu zuri lenye adabu, na mimi nikalitumia jibu hilo kama mhuri.

Nasikia siku hizi kuna mipango ya kukusanya taarifa za wafugaji ili mashine zitabiri magonjwa kabla hayajafika. Ni jambo jema, na wallahi lingetuokoa. Lakini wanaokusanya wajue wanakusanya kwa nani. Zizi la baba yangu kwenye hesabu zao lingeingia kama "vijing'ombe viwili vitatu".

Na wao pia watuambie. Mpaka leo sijui niliyoiandikia simu ile yanakwenda wapi na nani anayasoma. Hakuna aliyewahi kunieleza. Mtu asiyejua maneno yake yanakokwenda ataficha. Sisemi hivi kujitetea. Niliyefuta damu ni mimi, na niliyeruka mistari ya chini ni mimi. Hapakuwa na mashine hapo.

Wiki mbili baada ya kutoka hospitali Lukas alikuja kwangu. Akakaa.

"Mama Kulwa anasema kwenye simu kuna maandishi yako na ya hiyo kitu. Nisomee."

"Yote?"

"Yote, kaka."

Nikamsomea. Ya Alhamisi na ya Jumanne. Nilipofika kwenye ile mistari ya chini, mnyama aliyejifia asipasuliwe wala asiliwe, akanyanyua mkono.

"Hiyo ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo."

Akashusha mkono. Nje kuku walikuwa wanaparua. Nikangoja anitukane, nikaona akinitukana nitapumua.

"Rudia pale mwanzo kabisa," akasema.

"Jibu lake?"

"Yaya, hapana. Swali lako."

Nikasoma: "Ng'ombe wangu mmoja amekufa leo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniacha nimalize, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga.

Tunasalimiana. Zizi bado ni moja, na juzi ndiye aliyeniambia niandike haya, akasema kuna wazee wenzangu wengi wenye simu. Lakini tangu siku ile hajawahi tena kuniambia "kaka, hebu tuulizie".

Maoni yenu nitayasoma yote. Wafugaji, nambieni kama na ninyi mnazijibu hizi mashine kama nilivyozijibu mimi. Mnaofanya kazi ya kuzitengeneza, nijibuni lile la maneno yetu yanakokwenda. Matusi nayo leteni, nimekaa.

Ila kama unasoma hapa na nyumbani kwako kuna mnyama aliyelala ghafla leo, funga huu uzi. Usimguse. Mpigie bwana mifugo, mtajie idadi yote kwa mdomo wako. Maoni utaandika kesho.